Hali za Vitenzi: Anza na Kiswahili, Umalize na Kiingereza

Leo naomba kuwaeleza jambo linalowatoa wengi wetu jasho katika somo la Kiingereza, nalo ni hali za vitenzi. Utasikia mtu akisema, "Aa, hiyo mambo ni ngumu!" Si ngumu, mradi uanzie nyumbani, yaani katika Kiswahili.

Hali ya kitenzi huonyesha nia ya msemaji: anatoa habari, anaamuru, ama anataka jambo litendeke?

Kwanza ni hali ya kuarifu: "He sleeps in the dormitory", yaani hulala bwenini. Pili ni ya kuamuru: "Sleep!" Hapa sisi tumemshinda Mwingereza. Mmoja tunamwambia "Lala!" na wengi "Laleni!", hali yeye ana neno lile lile kwa mtu mmoja na kwa bweni zima.

Ya tatu, ya kutaka, ndiyo yenye kisirani. Linganisha:

(a) The teacher insists that he sleeps in the dormitory.
(b) The teacher insists that he sleep in the dormitory.

Tofauti ni herufi moja tu, lakini kesi ni mbili! Katika (a), mwalimu anashikilia kwamba kijana hulala bwenini; anamtetea. Katika (b), anashikilia kijana alale bwenini, anamdai. Kama kijana huyo ameshtakiwa kutoroka usiku, "s" hiyo ni wakili wake. Kwa hivyo usiione sentensi (b) ukadhani imekosewa. Waingereza wengi huongeza "should" hapo, lakini Wamarekani huiacha kavu.

Dawa ni hii. Baada ya "insist that", "demand that" ama "recommend that", tafsiri kwanza kichwani. Ukipata alale, aende, asome, yaani "a" ya mwisho imegeuka "e", basi Kiingereza kivue ile "s". Na "is" hugeuka "be": "that he be forgiven", asamehewe. Lakini chunga vitenzi kama jibu na rudi, maana havigeuki mwishoni: ajibu, arudi.

Hata wito wetu uko katika hali hii. Hatusemi kinatukuzwa, kana kwamba kazi imekwisha. Twadai bado:

Kiswahili kitukuzwe!