Mkutano wa maoni ya njia ya umeme: mfanyabiashara, nenda na daftari lako

Kuna swali nimeulizwa mara tatu wiki hii, nimeona nilijibu hapa kwa wote. "Wakija watu wa mazingira kuchukua maoni kuhusu njia ya umeme, sisi wenye maduka tunaenda kusema nini? Si mambo ya miti na ndege hayo?"

Hapana boss wangu. Ngoja nieleze.

Mimi duka langu liko Migato, Itilima, hapa hapa Simiyu. Anayeuza soda za baridi huku anaujua umeme mdogo: friji linanguruma usiku kucha, asubuhi soda ina joto kama chai. Sababu mojawapo ni umbali. Kwa miaka mingi mkoa wetu umekuwa ukivuta umeme wa kilovoti 33 kutoka mikoa ya jirani, na umeme wa msongo mdogo ukisafiri mbali unapotea njiani. Ukipandisha msongo, mkondo kwenye waya unapungua na upotevu nao unapungua. Ndio maana ukaja mradi wa njia ya kilovoti 220 kutoka Ibadakuli, Shinyanga, hadi kituo cha kupoza umeme cha Imalilo, Bariadi. Kwa hiyo msinielewe vibaya, sipingi njia za umeme. Nauhitaji umeme kuliko wengi.

Lakini njia kubwa, iwe mpya au ya zamani inayojengwa upya kwa nguzo kubwa zaidi, haianzi hivi hivi tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka athari zipimwe kwanza, na wananchi wasikilizwe kabla cheti cha mazingira hakijatolewa. Mwenye mradi anatakiwa abandike matangazo sehemu zenye watu, atangaze gazetini na redioni, na maoni yenu yaingie kwenye ripoti inayokaguliwa na NEMC. Halafu sikia hii: sheria hiyo ikisema "mazingira" haimaanishi miti peke yake. Imetaja pia mambo ya kijamii na kiuchumi, na vitu vilivyojengwa na binadamu. Fremu yako imo humo. Genge lako limo.

Hili nililijua kwa kuchelewa. Zamani kidogo nilikuwa nauza kwenye mji mwingine, sitautaja. Ukaitishwa mkutano wa kubadilisha nguzo. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, nikaona nikauze ndala, mkutano wataenda wazee. Wazee walienda kweli, wakaongea mashamba na makaburi, mambo ya msingi kabisa. Mbele ya duka langu kulikuwa na mkuyu mkubwa, bodaboda walikuwa wanapaki hapo, wakikaa wananunua maji, sigara, vocha. Mkuyu ulikuwa ndani ya mkuza, yaani lile eneo la chini ya nyaya linalotakiwa kuwa wazi. Ukakatwa. Bodaboda wakahamia upande wa pili na mauzo yangu yakahamia huko huko. Nilipoenda kulalamika nikaulizwa, jina lako lipo kwenye maoni? Halikuwepo. Sina wa kumlaumu, ndala nilizouza siku ile hazikufika hata ishirini.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua ndio mnasubiri. Njia ikikulazimisha kuhama, Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria fidia ya ardhi hazilipi nyumba na mazao tu. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na kuna kitu kinaitwa fidia ya kupoteza faida. Inachukuliwa faida halisi ya biashara kwa mwezi, inazidishwa mara miezi 36. Soma tena: thelathini na sita. Kama faida yako ni 150,000 kwa mwezi na unaweza kuionyesha, hiyo ni 5,400,000. Kama huna daftari, mkabishana na mthamini mpaka akaandika 80,000, ni 2,880,000. Umepoteza zaidi ya milioni mbili na nusu kwa kukosa kaunta buku. Na faida sio mauzo, jamani. Toa bei ya mzigo, kodi ya fremu, nauli, umeme. Risiti za jumla usifungie vitumbua.

Mpangaji, wewe uliza mapema kabisa mkutanoni fidia ya biashara inaandikwa kwa jina la nani, lako au la mwenye nyumba, na mkataba wako uwe wa maandishi. Mwenye kibanda ndani ya hifadhi ya barabara, usijipe matumaini ya fidia ya ardhi, lakini maoni yako yana haki ya kuandikwa kama ya mwingine yeyote. Na usisaini fomu ambayo hujaisoma. Omba nakala.

Kuna lingine ambalo sijawahi kusikia mtu akiliuliza: vitu vya zamani vinaenda wapi? Njia ikijengwa upya, nguzo kuukuu zinashuka. Nguzo za miti, zile zenye rangi ya kijani, mara nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki ili mchwa asile. Mtu akizipasua akafanya kuni za kupikia mama lishe, moshi una sumu na jivu lina sumu. Mafuta ya transfoma ndio balaa zaidi. Kenya iliwahi kuripotiwa wezi wanayanyonya na kuwauzia wakaanga chipsi, eti hayaishi haraka. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo dunia ilikubaliana kuziondoa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001. Kwa hiyo simama uulize: nguzo kuukuu na mafuta atayachukua nani, yatahifadhiwa wapi, na tarehe gani? Ukiuziwa mafuta ya kukaangia ya bei ya ajabu na hayana nembo, kataa.

Uliza pia umeme utakatika siku ngapi wakati wa kazi, na saa ngapi. Mwenye samaki kwenye friza anataka ratiba, pole haimsaidii.

Wengine watakwambia unachelewesha maendeleo. Mwambie aangalie Kenya. Mashine za upepo za Ziwa Turkana, megawati 310, zilikuwa tayari 2017, lakini njia ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ikawashwa Septemba 2018. Mkandarasi alifilisika, ni kweli, ila migogoro ya fidia za ardhi nayo ilishaivuta nyuma. Mambo yakiwekwa sawa mapema, hata mwenye mradi ananufaika.

Mkutano ukitangazwa siku ya mnada, mfuateni mwenyekiti wa kijiji mapema mkiwa kikundi, aombe usogezwe. Ikishindikana, andika maoni yako kwenye karatasi na jina, mpe mtu apeleke, na afisa mtendaji akugongee muhuri kwenye nakala yako.