JE, WAJUA? Mchanga wa Pare hunaswa na sumaku

Mchanga mweusi wa vijito vya Milima ya Pare hurukia sumaku. Umejaa chuma. Wahunzi wa kale waliuchota, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki. Ukoo wa Washana ulivuma kwa kazi hiyo, na chuma cha Upare kilinunuliwa hadi Uchagani.

Sumaku na mchanga ni onyesho kamili la makumbusho ya kugusa. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium mjini San Francisco, Marekani. Humo mgeni hushika, huzungusha, huvuta. Watafiti nao humtazama wakiwa na saa mkononi. Amekaa sekunde ngapi kwenye kifaa? Amekirudia? Amemwita mwenzake? Jambo la kushangaza: vitufe vingi si raha nyingi. Vikizidi, wageni huvurugiana majaribio, huchanganyikiwa, huondoka.

Tukirudi Upare, Wilaya ya Same ina teknolojia ya kushikwa kwa mkono isiyotaka umeme hata kidogo: ndiva. Ni bwawa dogo la kijiji. Hujaa usiku, hufunguliwa mchana. Maji hushuka kwa mifereji, na wakulima huyapokea kwa zamu. Hakuna kioo cha kompyuta kinachofundisha mgao wa maji vizuri kuliko hapo.

Mwalimu wa Same, ukiwapeleka wanafunzi kijitoni, beba sumaku. Waache waishike wenyewe, kisha hesabu watakaa muda gani.