Sura ya Sita: Maziwa Huitwa

Wengi huamini kwamba asiyebeba mimba hana cha kumnyonyesha mtoto. Kumbe kazi ya mimba ni kuliandaa titi. Kwa miezi tisa, estrojeni na projesteroni hukuza vifuko vya maziwa na mirija yake. Kondo la nyuma likishatoka, projesteroni hushuka, na prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupata nafasi. Lakini prolaktini haikai kwenye mfuko wa uzazi. Hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo huamka kila chuchu inaponyonywa. Tezi hiyo kila mwanamke anayo, ndiyo maana wako bibi waliomnyonyesha mjukuu aliyefiwa na mama.

Mama anayengoja kuasili mtoto, basi, kazi yake ni kuyaita maziwa. Ukiweza, anza wiki kadhaa kabla mtoto hajafika. Kanda matiti kwa vidole vyenye joto, kisha kamua kwa mkono au kwa pampu, walau mara 8 kwa saa 24. Usiruke usiku, kwani ndipo prolaktini hupanda zaidi. Siku za mwanzo hutaona kitu. Kisha, pengine baada ya wiki chache, chuchu italowa, na tone moja litang'ang'ania kwenye ncha yake. Wengi hukata tamaa kabla ya tone hilo.

Kuna pia njia ya dawa. Nchini Kanada, daktari Jack Newman na mwenzake Lenore Goldfarb walipanga utaratibu wa kumeza vidonge vya uzazi wa mpango pamoja na domperidoni, kuuiga ujauzito, kisha vidonge vya uzazi wa mpango husimamishwa na kukamua huanza. Ila vidonge vyenye estrojeni vinaweza kugandisha damu, na domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2004 Marekani ilitoa onyo juu yake. Usinunue dawa hizi dukani kwa kusikia tu. Muone daktari kwanza, na upime VVU, kwa kuwa virusi hupita kwenye maziwa.

Mtoto akifika, mpe titi hata kama lina matone tu. Hapo ndipo mpira mwembamba, ule wa kulishia wagonjwa puani, unapofaa. Ncha moja iko kwenye kikombe cha maziwa ya kopo, nyingine imebandikwa sambamba na chuchu. Mtoto akivuta, hupata maziwa ya kikombe, na wakati huohuo analiamsha titi. Ukiinua kikombe, maziwa hukimbia, ukikishusha, hupungua. Kirekebishe ili mlo uchukue kama nusu saa. Mpira na kikombe vioshwe vizuri kila baada ya matumizi.

Mtoto mchanga huhitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 3 anahitaji 450. Usimpunje wala usiyazimue maziwa ya kopo ukitumaini njaa itamfanya anyonye kwa bidii. Maziwa yako yakiongezeka, punguza ya kikombe mililita 50 kwa siku, ungoje siku chache, kisha mpime. Akiongezeka walau gramu 125 kwa wiki na kukojoa mara sita au zaidi kwa siku, endelea kupunguza. Asipoongezeka, rudisha.

Kina mama wengi walioasili hawafikii kuacha kikombe kabisa, na hilo si kushindwa. Waislamu wa pwani wanalijua jambo hili kwa njia yao. Katika madhehebu ya Shafii, mtoto aliyenyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mwana wa kunyonya wa mama huyo, na watoto wa mama huyo huwa ndugu za mtoto, hawaoani. Ni vyema kumuuliza sheikh mapema, maana undugu huo hautanguki. Nao huhesabiwa kwa mara alizonyonya. Hakuna anayeuliza vilikuwa vikombe vingapi.