Mshipi wa Tumbo: Hupunguza Unene au Huuficha?

Pwani yetu haikungoja koseti za ng'ambo ndipo ijue kufunga tumbo. Mama zetu na bibi zetu walikuwa na mkaja, ile nguo anayofungwa mzazi tumboni akiisha kujifungua. Heshima yake ilikuwa kubwa hata jina lake likaingia katika mambo ya arusi: mkaja pia ni ada anayopewa mama wa biharusi. Kwa hivyo mwanamke wa Mombasa, Malindi au Lamu anapoonyeshwa mshipi wa mpira wenye vikulabu na kuambiwa kwamba utamwondolea kitambi, haoni ajabu. Huuona kuwa ni mkaja ule ule uliobadili sura. Hapo ndipo inapofaa tuulize, ndugu msomaji: je, ni kweli mshipi huu hupunguza unene?

Mishipi hii huuzwa madukani na kwa njia ya simu, nayo huja na ahadi nzito. Vaa saa kadhaa kila siku, utoke jasho, na mafuta yote ya tumboni yatayeyuka. Sifa zake zilivuma zaidi tangu mwaka 2014 hivi, wanawake mashuhuri wa Marekani, kama Kim Kardashian, walipojionyesha picha wakiwa wameivaa. Lakini asili yake ni zile koseti walizokuwa wakijibana nazo mabibi wa Ulaya katika karne ya 19, wakati ambapo kiuno chembamba kilihesabiwa kuwa ndio uzuri wenyewe.

Tuanze na hilo jasho. Jasho ni maji na chumvi kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mtu akitokwa na jasho nusu lita chini ya mpira ule, mizani itamwonyesha kuwa amepungua nusu kilo, naye atafurahi. Akinywa gilasi mbili za maji, nusu kilo yake imerudi. Shahamu yenyewe haikuguswa.

Sasa shahamu hutoka kwa njia gani? Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliandika hesabu yake katika BMJ, jarida la madaktari la Uingereza. Katika kila kilo 10 za shahamu inayotumiwa na mwili, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi, zikiwa ni hewa ya kaboni dioksaidi, na kilo 1.6 huwa maji. Si kwamba mtu akikaa akihema kwa nguvu atakonda, la. Mwili hugusa akiba yake ya shahamu pale tu unapotumia nguvu nyingi kuliko zilizoingia kwa chakula. Hakuna nguo iwezayo kuifanya kazi hiyo. Na lililo ajabu zaidi ni kwamba mshipi hubana mbavu, ukaizuia pumzi, nayo pumzi ndiyo njia kubwa ya kutokea shahamu.

Wapo wasemao kuwa faida ya mshipi ni nyingine: tumbo likibanwa, mtu hula kidogo. Hoja hii ina sura ya ukweli, kwani kula kidogo ndiyo dawa. Waislamu twaijua ile Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, inayolipa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Lakini mgawanyo ule ni wa mtu kujizuia mwenyewe, si wa kubanwa na mpira. Huko Sweden jambo hili lilijaribiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Watu wanene walipunguzwa kwanza kwa chakula kidogo sana, kisha baadhi yao wakapewa koseti ili unene usirudi. Koseti haikuuzuia. Wengi wao hata hawakuweza kustahimili kuivaa.

Mwaka huo huo wa 2014 serikali ya Marekani iliyaandama makampuni mawili yaliyouza nguo za kubana zilizotiwa kafeini, ambayo ni ile dawa iliyomo katika kahawa, yakidai kuwa nguo hizo hupunguza mwili. Serikali ilisema madai hayo hayana ushahidi. Kampuni moja, Wacoal America, ilikubali kutoa dola milioni 1.3, na ya pili, Norm Thompson Outfitters, dola 230,000, ili wanunuzi warudishiwe fedha zao.

Je, bibi zetu walikuwa wakijidanganya? Hasha. Mji wa uzazi, mtoto anapozaliwa, huwa na uzito wa kilo moja hivi. Katika majuma sita hunywea wenyewe mpaka ukawa chini ya gramu 100, na kunyonyesha huuharakisha. Majuma sita ni karibu na ile arubaini ya mzazi. Mkaja ulikuwapo kiunoni muda huo wote, basi ukapewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wenyewe. Lakini ulikuwa na faida yake: ulimshika mama mgongo na tumbo, akajisikia imara, huku akikandwa, akipewa uji na kupumzishwa. Hata hivi leo baadhi ya majaribio yameonyesha kuwa mama aliyepasuliwa akifungwa tumbo maumivu hupungua anapoanza kutembea. Mkaja ulikuwa wa kumsaidia mzazi, si wa kuyeyusha mafuta.

Mshipi uliobana kupita kiasi huleta kiungulia na upungufu wa pumzi, na katika joto letu la pwani huchoma ngozi ikawa vipele. Mwenye mimba asiuvae kabisa. Aliyejifungua au kupasuliwa asijifunge kabla ya kumwuliza mkunga au daktari, kwani tumbo likikazwa sana, uzito husukumwa chini kwenye misuli ya nyonga ambayo bado ni dhaifu.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ya kujiona umepona. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100, zaidi ya 38 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Shahamu mbaya zaidi ni ile iliyo ndani, iliyozunguka ini na matumbo, ambayo mshipi hauifikii. Mwanamke hupendeza katika dera siku ya arusi, wenzake wakamsifu kuwa amekonda, kumbe sukari na presha zinapanda kimya kimya.

Atakaye kujipamba kwa mshipi saa mbili za karamu, na ajipambe, mradi apumue vyema. Lakini nyumbani auvue, achukue utepe wa fundi cherehani na kujipima kiuno. Shirika la Afya Duniani lasema hatari huanza kuongezeka kiuno kinapopita sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, kwa hivyo akina baba nao wasicheke, wajipime. Kisha ipunguzwe sukari ya chai, mahamri yawe mawili badala ya manne, wali upungue sahanini na mboga ziongezeke, na mtu atembee kila siku kabla jua halijawa kali. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu tu, sukari na presha huanza kumpa nafuu. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo kinavyopungua pia. Ama zile pesa za mshipi, heri zitangulie kwenda zahanati kupimia sukari.