CHUMA MWILINI: AKIBA INAFUNGWA WAPI, NA NANI ANAIFUNGUA?

Mama mjamzito hapa Mbugangari anaweza kujiuliza: kila siku nakula maharage, mbona naambiwa nina upungufu wa damu? Jibu ni kwamba kuwa na chuma hakutoshi. Lazima chuma hicho kifunguliwe.

Chuma kinakaa wapi?
Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma. Sehemu kubwa iko katika damu. Akiba huwekwa hasa katika ini, wengu na uboho, ndani ya protini iitwayo ferritini. Ferritini ni kama kibuyu kidogo chenye vipande 24. Inaweza kubeba hadi atomi 4500 za chuma, lakini chuma hicho ni kama kutu: hakiyeyuki.

Nani anakifungua?
Mwili ukihitaji chuma huvunja ferritini yenyewe. Molekuli ndogo pia husaidia. Vitamini C hubadilisha ile kutu ikawa chuma kinachoyeyuka na kutoka. Utumboni nako, vitamini C hurahisisha chuma cha maharage na lengalenga kuingia mwilini. Chai hukizuia.

Mwaka 2013 huko Huye, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walikula maharage yenye chuma kingi kwa siku 128. Damu yao na ferritini yao viliongezeka kuliko kwa wenzao waliokula maharage ya kawaida.

Ugonjwa hufunga akiba
Mtu akiwa na malaria, mwili huficha chuma katika akiba, na damu hupungua. Kwa hiyo malaria itibiwe kwanza.

Tufanye nini?
- Kula maharage au sombe pamoja na chungwa, pera au nyanya mbichi iliyooshwa.
- Kunywa chai saa moja au mbili baada ya chakula, si pamoja nacho.
- Mama mjamzito, meza vidonge vya chuma kama ulivyoelezwa kituoni. Choo kuwa cheusi si hatari.
- Mwenye ugonjwa wa selimundu au aliyeongezewa damu mara nyingi asimeze vidonge hivyo bila kupimwa. Akiba yake inaweza kuwa imejaa.

HATARI: Vidonge vya chuma hufanana na pipi. Mtoto akimeza vingi anaweza kufa. Mkimbize kituo cha afya mara moja, hata akionekana mzima. Hospitalini kuna dawa iitwayo deferoksamini, molekuli ndogo inayokamata chuma na kukitoa kwa mkojo. Weka vidonge juu, mahali mtoto hafiki.