Ikama Imejaa, Lakini Nani Atatoa Dawa ya Usingizi?

Kituo cha afya kinaweza kuwa na watumishi wote waliotajwa kwenye ikama, chumba cha upasuaji kikawa tayari na damu ikawepo kwenye jokofu, na bado mama mwenye uchungu pingamizi akapewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Upasuaji wa dharura hautegemei wingi wa watu. Unategemea aina chache za ujuzi kukutana mahali pamoja kwa saa ileile: awepo anayejua kupasua, anayejua kutoa dawa ya usingizi, mkunga anayejua kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui, na mtu wa maabara wa kupima kundi la damu. Mtoa usingizi akienda masomoni au akipata uhamisho, huduma nzima inasimama. Kwenye orodha ya watumishi pengo hilo litasomeka kama upungufu wa muuguzi mmoja tu, pengine lisionekane kabisa.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa kumbukumbu zetu za kiutumishi. Zinatunza jina, cheo, daraja la mshahara, tarehe ya kuajiriwa na nakala za vyeti, ila hazisemi mtumishi anaweza kufanya nini leo. Kwa mlipaji mishahara hilo si tatizo. Kwa anayepanga huduma ni tatizo kubwa, kwa kuwa anagawa watu bila kujua anagawa uwezo gani. Na kinachohatarishwa si kidogo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, Tanzania ilikadiriwa kupoteza kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Katika ule wa 2022 makadirio yalikuwa 104. Katikati ya tafiti hizo mbili, mamia ya vituo vya afya vilijengwa au kukarabatiwa, vingi vikiwekewa vyumba vya upasuaji. Majengo hayo yanaokoa maisha pale tu ujuzi unapokuwemo ndani yake.

Wapo watakaosema cheo kinatosha kueleza ujuzi. Ushahidi wa nchini kwetu unakataa. Tangu miaka ya 1960 Tanzania ilifundisha madaktari wasaidizi, watu waliopanda kutoka utabibu bila kupitia shahada ya udaktari. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba wao ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na matokeo ya kazi yao hayakutofautiana sana na ya madaktari wenye shahada. Mpangaji aliyetazama cheo peke yake angewahesabu kama pengo, kumbe wao ndio waliokuwa mhimili. Muuguzi aliyesomea usingizi naye hukutwa na jambo kama hilo kwa upande wa pili. Ikiwa kumbukumbu zinamtambua kama muuguzi tu, anaweza kuhamishiwa zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, na kwenye makaratasi kila kitu kikaonekana sawa: zahanati imepata muuguzi, kituo kitaletewa muuguzi mwingine. Kosa litajulikana usiku wa dharura.

Uhakiki wa vyeti ambao taarifa yake ya Aprili 2017 ilibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi ulikuwa wa haki na wa lazima. Hata hivyo, ulijibu swali moja: je, karatasi ni halali? Swali la uwezo uliopo kazini ni jingine. Hata kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria mahitaji ya watumishi kutokana na mzigo wa kazi, ambayo nchi yetu imewahi kuitumia, husaidia kujua kada fulani inahitaji watu wangapi. Ni hatua nzuri kuliko kugawa kwa makisio, lakini wauguzi watano kwenye hesabu hiyo ni wauguzi watano, awe yumo mtoa usingizi au asiwemo.

Kinachohitajika ni daftari la ujuzi, nalo si kubwa. Kituo kiorodheshe kazi nyeti ambazo zikikosa mtu huduma inakufa, kisha kwa kila kazi kiandike nani anaifanya bila kusimamiwa, nani anaifanya chini ya uangalizi, nani anaweza kuwafundisha wenzake, na lini kila mmoja aliifanya mara ya mwisho. Hilo la mwisho lina uzito wake, maana mkono usiotumika husahau, na mtu aliyepata mafunzo miaka mingi iliyopita asihesabiwe sawa na anayeifanya kazi kila wiki. Daftari likishajazwa, jicho liende kwanza kwenye kazi yenye jina moja tu. Kisha daftari liwekwe kando ya tarehe za kuzaliwa za watumishi. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 na anaruhusiwa kwa hiari akifika 55, kwa hiyo pengo la kustaafu linajulikana miaka mingi kabla. Kushtukizwa na jambo ambalo tarehe yake imo kwenye jalada tangu siku ya ajira ni uzembe wa mipango, wala tusiuite upungufu wa watumishi.

Pingamizi la kwanza ni la wingi wa kazi: mganga mfawidhi anajaza fomu za kutosha, kwa nini aongezewe nyingine? Malalamiko hayo ni ya kweli, na daftari lenye vipengele mia litakufa mwaka wa kwanza. Ndiyo maana nasisitiza kazi nyeti chache, zihuishwe wakati ambao karatasi tayari zinashikwa: mtu anaporipoti, anapohama, anaporudi masomoni, na kwenye tathmini ya kila mwaka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu watajisifia wasichokijua, au watakificha wanachokijua ili wasibebeshwe zamu zote na kunyimwa uhamisho. Kwa wanaojisifia, dawa ni kushuhudiwa kwa vitendo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufanya hivyo katika urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia gereji au kwenye saiti hupimwa akiwa anafanya kazi yenyewe, kisha hutambuliwa. Ikiwa ujuzi wa seremala unaweza kupimwa hivyo, wa mhudumu wa afya nao unaweza kupimwa na msimamizi wake. Kwa wanaoficha, lawama haiwahusu. Mtoa usingizi aliye peke yake, anayeitwa usiku na sikukuu bila posho inayolingana na kazi, ana sababu ya kunyamaza. Daftari lisilofuatana na zamu za haki na nafasi ya kumsomesha mwenzake litakuwa orodha ya watu wa kuchoshwa, na hapo mtumishi atakuwa na haki ya kulikataa.

Ipo pia hofu kwamba taarifa hizi zitatumika kuwaadhibu watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililoelezwa na zitumike kwa lengo hilo. Mtumishi aoneshwe kilichoandikwa juu yake, aweze kukisahihisha, na daftari la mipango lisigeuzwe jalada la nidhamu.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na maombi ya ikama hutayarishwa miezi kadhaa kabla. Maofisa utumishi na waganga wakuu wa wilaya, kabla hamjaandika mnahitaji wauguzi wangapi, andikeni kwanza kila kituo chenye chumba cha upasuaji kina watoa usingizi wangapi, na nani atashika zamu wakiwa likizo.