Msafiri Huondoka, Gari Hubaki na Jina Lake



Mashuuru iko bara, katika kaunti ya Kajiado, baina ya barabara ya Namanga na ile ya Mombasa. Ni nchi kavu, nchi ya mifugo na masafa marefu. Aishiye huko hulijua gari kwa thamani yake. Ndilo liletalo bidhaa za duka kutoka Kitengela, na ndilo limpelekalo mtoto hospitali usiku wa manane. Kwa familia zetu zilizotoka pwani zikaweka makazi pande hizo, mzee wa nyumba anapojaaliwa kazi ng'ambo, swali la gari huwa zito kuliko linavyodhaniwa siku ya kufunga mizigo.

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mtautambua. Baba amepata kazi Ghuba. Asubuhi ya safari amkabidhi mkewe funguo za Probox na kumwambia mbele ya wanawe, "Mama watoto, gari hili sasa ni lako." Wakaagana kwa dua na machozi. Miaka minne baadaye gari limechoka, na mama ataka kuliuza alipe karo. Mnunuzi amepatikana na bei imekubaliwa. Hapo ndipo inapobainika kwamba hati ya umiliki, ile tuiitayo logibuku, ingali na jina la baba. Uhamisho wataka idhini kutoka akaunti yake mwenyewe ya eCitizen, na namba ya uthibitisho yapelekwa kwenye laini ya simu iliyozimika zamani. Mnunuzi akaenda zake.

Hilo ni tatizo dogo, maana baba yu hai na aweza kutafutwa. Kubwa ni lile litokealo anapofikwa na ajali yake ugenini.

Gari ni la nani?

Sheria ya Barabara ya Kenya, Sura ya 403, yasema bayana katika kifungu cha 8 kwamba yule ambaye jina lake limesajiliwa ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 nacho chakataza gari lililohamishwa umiliki kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Kwa hivyo neno lililosemwa mlangoni, hata likiwa la kweli na la mapenzi, mbele ya serikali bado halijalihamisha gari.

Na mbele ya sharia ya dini yetu je? Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa mwambao, hiba haitimii kwa kutamkwa tu. Yahitaji mwenye kutoa atoe, mwenye kupewa akubali, na kitu chenyewe kikabidhiwe mkononi. Mama aweza kusema, "Nilikabidhiwa funguo." Mashemeji nao waweza kujibu, "Ulikabidhiwa uendeshe, hukupewa uwe nalo." Pasipo maandishi wala mashahidi watu wazima, ni nani atakayewaamua? Iwapo gari litahesabiwa kuwa mali ya marehemu, litaingia katika mirathi. Mke ambaye mumewe ameacha watoto fungu lake ni thumni, yaani sehemu moja katika nane. Gari alilolidhani lake lote, na ambalo pengine amelitengeneza kwa jasho lake miaka yote hiyo, litagawanywa, na kesi itamfikisha kwa Kadhi akiwa bado katika eda.

Hatusemi haya ili kuwatia watu shaka juu ya ndugu zao. Twasema kwa sababu aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Kuandikiana kati ya mke na mume ni ulinzi wa mapenzi yao, wala si dalili ya kutoaminiana.

Basi kabla ya kuondoka, baba na mama wakae waliamue gari kwa jina moja kati ya manne. Kama ni mauzo, liuzwe, jina lihamishwe na fedha ziwekwe kwa jambo linalojulikana. Kama ni hiba, iandikwe, ishuhudiwe, na logibuku igeuzwe iwe ya mama. Kama ni azima tu, mama ajue kwamba analitunza kama amana, na liandikwe nani atalipa bima na matengenezo. Na kama ni uwakala, baba aandike mbele ya wakili hati ya kumruhusu mke, au ndugu mwaminifu, kuliuza na kulisimamia kwa niaba yake. Lakini tukumbuke kwamba uwakala hukoma pale aliyeutoa anapofariki, kwa hivyo hauwezi kushika nafasi ya hiba wala ya wasia. Gari lililonunuliwa kwa mkopo lina jambo zaidi: aliyekopesha huwa ameandikwa pamoja na mwenye gari, na jina halihami mpaka deni liishe.

Leseni haina safari ndefu

Wapo waulizao kwa nini gari lisiende na mwenyewe. Gari la Kenya lina usukani wa kulia, nasi huendesha upande wa kushoto wa barabara. Saudia, Oman, Qatar na Imarati ni kinyume chake. Kulisafirisha huko ni kupoteza mali. Aendaye Tanzania kupitia Namanga ana nafuu, kwa kuwa uendeshaji ni mmoja, na tangu mwaka 2018 maafisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja katika kituo kimoja cha mpakani. Hata hivyo gari huingia kwa ruhusa ya muda na kwa bima itambulikayo huko, kama ile kadi ya njano ya COMESA. Kulihamishia huko moja kwa moja ni shauri jingine la forodha na usajili.

Leseni nayo ni ya mtu, lakini nguvu yake hupungua kila avukapo mpaka. Wauguzi wetu waendao Uingereza wazingatie hili: leseni ya Kenya huwaruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu kuwa wakaazi. Baada ya hapo haibadilishwi kwa ya kwao. Ni lazima kuomba leseni ya mwanafunzi, kisha kufaulu mtihani wa nadharia na wa barabarani. Kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho kwetu hutolewa na AA Kenya, ni mfano wa tafsiri ya leseni tu, na pasipo leseni yenyewe hakina kazi. Nchini Saudia, ambako wanawake waliruhusiwa kuendesha magari tarehe 24 Juni 2018, dada zetu waendao kufanya kazi wasidhani kwamba leseni ya nyumbani imewatosha. Waulize ubalozi kabla ya kushika usukani.

Na kwa akina mama wabakiao tuna neno moja zaidi. Leseni haiazimwi. Funguo za gari mikononi mwa asiye na leseni ni mtihani juu ya mtihani: ajali ikitokea, bima yaweza kukataa kulipa. Ikiwa safari ya baba imejulikana miezi kadhaa kabla, basi miezi hiyo ndiyo ya mama kuingia chuo cha udereva pale Kitengela na kufanya mtihani wake. Huo ni urithi ambao hakuna wa kuugawanya.

Kabla ya tikiti

Kwa ufupi, msafiri asikate tikiti kabla ya haya: leseni yake iwe haijakwisha muda, laini ya simu iliyosajiliwa eCitizen iendelee kuwa hai, bima ijulikane ni ya nani na yaisha lini, na gari liwe limepewa jina lake, mauzo, hiba, azima au uwakala, kwa maandishi na mashahidi. Nakala moja ibaki na mama, ya pili aende nayo baba, na ya tatu iwekwe kwa mzee anayeaminiwa na pande zote mbili.

Kazi yote hii haizidi siku chache. Kuiacha kwaweza kuwagharimu mayatima miaka. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu, awarejeshe kwa kheri, na awahifadhi wale waliobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq.